Harufu ya Petroli Chini ya Ngazi

Jeth 22

Herakaji ameondoka asubuhi. Mama mkwe alimpaka poda nyekundu kwenye paji la uso, akampa yai la kuchemsha, samaki mkavu na kikombe kidogo cha pombe yetu ya nyumbani, kama anavyopewa kila mtu wa nyumba hii anayekwenda mbali. Kisha Herakaji akateremka ghorofa ya chini peke yake. Nikamfuata, nikidhani anataka tuagane bila kutazamwa na watu. Kumbe alikwenda kuiaga pikipiki.

Sisemi kwa wivu. Aliinunua mwaka tuliooana, na nimezoea kuwa wa pili. Ameipandisha kwenye stendi chini ya ngazi, amejaza tangi, ameifunika turubai, na Mama amefunga kitambaa chekundu cha baraka kwenye usukani. Mimi nimefundishwa kazi yangu: kila Jumamosi niifunue, nipige kiki, niiache ingurume mpaka ipate joto, nizime, nifunike. Ufunguo aliufunga mwenyewe ndani ya mkanda wangu wa kitambaa, kiunoni.

"Huu usitoke hapa," alisema. "Hata Dil akiuomba."

"Dil si mdogo wako?"

"Ndiyo maana nakwambia. Simtuhumu. Nasema tu uwe na macho."

Mwaka jana Dilkumar alimwomba kaka yake hii pikipiki apelekee mboga sokoni siku za mvua, akanyimwa. Alicheka tu. Nikikumbuka leo, kile kicheko kilikuwa kirefu mno.

Herakaji ameiacha Nepal, amekwenda Korea kulima matango kwenye mabanda ya plastiki, miezi yote ya mvua na zaidi. Atarudi sikukuu ya Mohani ikishapita. Mimi na yeye hatujapata mtoto. Miaka sita nimo katika nyumba hii ya Thimi, nateka maji, napika, napalilia, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichoachiwa mimi peke yangu. Kikiharibika mikononi mwangu sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Jeth 26

Nimeanza kuiombea. Kila asubuhi, nikitoka kwa mungu Ganesh wa njia panda, napitia chini ya ngazi: chembe za mchele juu ya tangi, poda nyekundu kidogo kwenye taa ya mbele, maua ya manjano kwenye kiti, utambi mmoja wa mafuta ya haradali sakafuni. Kitu kinachombeba mume wa mtu kinastahili kulishwa kama mungu mwingine yeyote.

Nanimaya, mke wa Dil, alinikuta akacheka. "Dada, mbona hujawahi kumwombea kaka Herakaji hivyo alipokuwepo?"

"Alipokuwepo alikuwa anajilisha mwenyewe."

Tulicheka mpaka Mama akatuita juu. Nampenda Nanimaya. Ndiye ndugu niliyempata humu ndani.

Jeth 31

Jumamosi. Imewaka kwa kiki ya pili. Nimeona fahari ya kijinga.

Asar 8

Mvua. Hakuna jipya.

Asar 15

Siku ya kupanda mpunga. Wote tulikuwa shambani, tope mpaka mapajani, watu wanarushiana matope na kuimba. Tukala mchele uliopondwa bapa kwa mtindi tukiwa tumesimama. Saa za mchana Dil akasema mpini wa jembe lake umevunjika, anarudi nyumbani kuchukua jingine. Alikaa sana. Jembe gani linachukua muda wote ule?

Niliporudi nikaenda moja kwa moja chini ya ngazi. Turubai lilikuwa limesogea upande wa nyuma. Pembeni mwa gurudumu kulikuwa na tope. Ni kweli majembe yetu hukaa pale pale chini ya ngazi. Ni kweli pia kwamba mwenye kutaka kisingizio hatakosa jembe.

Herakaji alipopiga simu nikamweleza. "Mimi sitasema kitu," alisema. "Wewe una macho."

Asar 22

Utambi wangu leo umezimwa. Nasema umezimwa, si umezimika. Utambi uliozimika wenyewe huisha mafuta na ncha yake huwa jivu. Huu ulikuwa na mafuta tele, na ncha imebanwa kwa vidole ikawa bapa.

Asar 23

Tena.

Asar 25

Tena. Na chembe zangu za mchele hazipo juu ya tangi. Mtu anazipangusa. Nani anaudhiwa na mchele wa mungu?

Asar 28

Leo nimempata. Nilikuwa ngazini natelemka na ndoo, yeye anatoka chini kuja juu.

"Shemeji," alisema, "ile taa usiiwashe pale chini."

"Inakukera?"

"Pananuka petroli."

"Pikipiki isinuke petroli inuke nini, mtindi?"

"Nakwambia kwa wema. Pananuka zaidi ya kawaida. Nilitaka kuitazama lakini ufunguo unao wewe, na kaka aliapa mtu asiiguse."

"Basi usiiguse."

Akanipisha. Aliponipita niliisikia harufu yenyewe, imetoka mikononi mwake. Mikono ya mtu asiyeigusa pikipiki inanuka petroli! Kaniona mimi zuzu. Mwizi siku zote ndiye wa kwanza kupiga kelele za mwizi, ili macho ya watu yatazame kwingine.

Saun 3

Mvua siku nne mfululizo. Ukuta wa upande wa uani unatoa jasho. Mama anaumwa magoti na kila mtu anaambiwa ndiye sababu.

Saun 7

Gathamuga, sikukuu ya kufukuza mashetani. Jioni vijana wa mtaa wameburuta sanamu za mashetani za majani mpaka mtoni, watu wanazitukana njia nzima, na sisi tumepigilia misumari ya chuma kwenye kizingiti ili kilichotolewa kisirudi. Kwa kawaida kazi ya misumari ni ya mwanamume wa nyumba. Dil alinyoosha mkono nimpe, nikapigilia mwenyewe kwa jiwe.

"Shemeji amekuwa mwanamume," alisema.

"Wanaume wamepungua."

Mama alinitazama. Nanimaya aliangalia chini. Nilikuwa nikiwaza kwamba msumari unazuia kinachotaka kuingia tu. Kilichoko ndani tayari, kinakula nawe sahani moja, msumari haukioni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Saun 10

Jumamosi. Imewaka kwa shida. Halafu nimeutazama mshale wa mafuta: Herakaji aliuacha umejaa pomoni, leo uko katikati. Mimi naiacha ingurume muda wa kuchemsha chai. Chai gani hii inayokunywa nusu tangi?

Nimempigia Herakaji. "Nilijua," alisema. "Mdogo wangu namjua tangu anatambaa. Lakini usigombane naye, Kesari. Ukigombana Mama atakuona wewe ndiye mbaya. Kusanya tu."

"Nikusanye nini?"

"Unayoyaona."

Sauti yake ilikuwa tulivu sana kwa mtu anayeibiwa. Nilimsifu moyoni kwa uvumilivu.

Saun 18

Nanimaya ameacha kuningoja tukienda shambani. Alisema, "Dada, siku hizi ukinitazama najiona kama nimebeba kitu chako." Nilimwambia kama hajabeba hana haja ya kujiona. Halikuwa jibu zuri.

Saun 24

Nimefanya ujanja. Jana kabla ya kupanda kulala nilinyunyiza unga wa mchele sakafuni kuizunguka pikipiki, mwembamba, kama tunavyochora mbele ya mlango siku za sikukuu. Atakayekanyaga ataacha nyayo zake.

Asubuhi unga haupo. Si kwamba una nyayo: haupo, umebaki ukungu mweupe kwenye nyufa za matofali. Amefagia! Mtu asiye na la kuficha angeacha nyayo zake apite. Huyu ameziona, amerudi, amezifuta. Sikutegemea awe mjanja kiasi hicho.

Nimemweleza Herakaji, akacheka. "Dil hajawahi kushika fagio maisha yake," alisema.

"Basi sasa ameshika."

"Basi sasa ameshika," akarudia.

Bhadau 2

Utambi umebanwa. Nimeuwasha tena. Nitauwasha kila siku mpaka vidole vyake viote sugu.

Bhadau 7

Jumamosi. Haikuwaka.

Nilipiga kiki mpaka goti likaniuma. Hata mlio wa kukohoa hakuna. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia chini ya tangi, na nikauona: waya wa manjano umekatika, ncha zake mbili zinatazamana, na mwingine mwekundu umebaki uzi. Na mshale wa mafuta umelala chini kabisa.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia kwa hasira, na kwa sababu niliona jinsi Herakaji atakavyoingia mlangoni, atainama chini ya ngazi, kisha atanitazama mimi.

Nikampelekea picha. Baadaye akapiga.

"Huo ni kisu," alisema.

"Una hakika? Nimwite fundi aangalie?"

"Fundi wa nini? Nakwambia ni kisu. Usiguse kitu, usilete mtu, iache ilivyo mpaka nirudi. Sasa umeona nilichokuwa nakwambia?"

"Nimeona."

"Usiseme mimi nimekwambia. Mama atadhani nawachonganisha nikiwa huku."

Bhadau 9

Leo nyumba imevunjika. Naandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kidogo.

Nilishuka alfajiri na maua yangu. Nikapiga magoti kuweka utambi, mkono ukagonga kitu chini ya injini. Bakuli la udongo, moja la yale ya Mama ya kugandishia mtindi. Ndani yake petroli, kimo cha kidole. Nikakaa pale sakafuni nikilitazama. Sikuhitaji tena kukusanya. Mtu ananyonya petroli ya mume wangu, na amezoea hata anaacha chombo chake, kama mkamua maziwa aendaye kunywa chai.

Nikalibeba mpaka juu jikoni. Walikuwa wote wamekaa kwenye mkeka: Mama, Dil, Nanimaya. Nikaliweka mbele ya Dil, kando ya chai yake.

"Umesahau chombo chako."

Akalitazama. "Sikusahau. Nililiweka."

"Mama, umesikia? Ameliweka."

"Nimeliweka kwa sababu inavuja, shemeji. Inadondoka tone tone. Wewe unakuja na moto kila asubuhi unauweka pale pale. Nimekwambia hukusikia. Nimezima ukawasha. Nifanye nini, niiache nyumba iungue?"

"Inavuja au inavujishwa?"

"Kesari," Mama alisema.

"Niache niseme, Mama. Turubai linasogea, nanyamaza. Petroli inakwisha, nanyamaza. Nimeweka unga, unga unafagiliwa. Juzi nimekuta waya umekatwa. Umekatwa! Kisa nini? Kwa sababu alinyimwa kupakia kabichi?"

Nanimaya alisimama. "Dada, unajua unamwambia nani? Huyu ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipoumwa homa."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Dil hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Aliuliza tu, "Shemeji, unaniuliza au unasema?"

"Nasema."

"Basi umesema."

Akanywa chai yake yote, pole pole, akaweka kikombe. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, siwezi kula kwenye jiko ambalo naitwa mwizi. Tutapika kwetu."

Mama amekuwa akisema tangu nilipoolewa kwamba maadamu yeye yu hai, nyumba hii ina jiko moja. Alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Bhadau 11

Dil na rafiki zake wawili wanajenga ukuta ghorofa ya chini. Matofali ya zamani ya ukuta wa shamba, na udongo. Hakuomba upande wa barabarani ambako ndiko pikipiki iliko na ambako ndiko kuna mlango wenye thamani. Amejichukulia nusu ya nyuma, ya kutokea uani. "Sitaki hata kupita karibu nayo," alimwambia Mama, nami nasikia.

Nimempigia Herakaji. Nilidhani atasikitika japo kidogo. "Upande wa barabarani umebaki kwetu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Herakaji, mdogo wako amehama jiko."

"Nimesikia. Pole sana. Mama asimzuie, aache akae na hasira zake."

Bhadau 14

Hakuna cha kuwasha tena, lakini nimeshuka. Nimewasha utambi. Haukuzimwa. Ukuta sasa upo, hakuna wa kuuzima. Nilitegemea nitafurahi.

Bhadau 20

Mvua inapungua. Moshi unatoka mara mbili kwenye nyumba moja. Majirani wanatazama juu, kisha wanatazama chini, kisha wananiuliza habari za afya.

Bhadau 29

Mama anakula kwangu asubuhi na kwao jioni, na kote anakula nusu.

Asoj 6

Tumepanda shayiri ya Mohani gizani mwa chumba cha miungu. Mama amepanda chungu kimoja tu. Nilimuuliza kama wale wa nyuma watapata chao, akasema, "Nimezaa wale wawili kwa tumbo moja, nipande vyungu viwili?"

Asoj 14

Karamu ya Mohani. Kila mwaka tunakaa mkeka mmoja mrefu, kwa umri, kila mtu na jani lake la ndizi na rundo lake la mchele bapa. Mwaka huu mikeka miwili, ghorofa mbili. Mimi nilikaa peke yangu na majani mawili, langu na la Mama. Alisema anakula kwao kwanza. Nanimaya naye, nilisikia kupitia sakafu, alikuwa akimwambia Dil kwamba Mama amesema anakula kwangu kwanza. Mama alikuwa kwenye ngazi, katikati, amekaa.

Asoj 15

Leo ni siku ya kuviombea vyombo: jembe, mundu, mizani, chochote kinachotulisha, na kila chenye magurudumu. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa unaosha pikipiki. Yetu haiwezi hata kukohoa, lakini siku hii hairukwi. Chombo kisichopewa damu au yai siku hii kitachukua chenyewe barabarani. Nikaisukuma mpaka mlangoni, nikaleta ndoo, sabuni na yai la bata.

Herakaji alisema nisiguse kitu. Lakini huwezi kumwombea mungu mchafu. Nikaosha magurudumu, nikaosha tangi, kisha nikachomoa ufunguo kiunoni nikafungua kiti ili nioshe chini yake. Tangu aondoke hakikuwa kimefunguliwa.

Kwanza niliona wekundu. Kitambaa cha baraka cha Mama, kile cha usukani ambacho nilidhani kimechakaa kwa unyevu, kilikuwa mle ndani kimechanwa nyuzi nyuzi, kimesokotwa duara. Katikati ya nyuzi, maua yangu ya manjano yaliyokauka. Chembe za mchele wangu, nyingine nzima, nyingine maganda. Vipande vya ngozi ya waya, ya manjano na nyekundu. Na katikati ya yote hayo vilikuwepo vipanya sita, havina manyoya, vimefumba macho, vimelala juu ya sadaka zangu.

Nikawasha tochi. Mpira wa petroli ulikuwa umetafunwa, alama za meno wazi kama kwenye muwa. Waya vilevile. Kisu hakina meno.

Nilikaa kizingitini na povu mikononi. Kila asubuhi, miezi hii yote, niliweka chakula pale. Mchele, maua, hata vipande vya peremende siku za mwezi mpevu. Na unga! Nilimwaga unga wa mchele sakafuni nikashangaa umekwenda wapi. Niliwaalika mwenyewe, nikawalisha, nikawapa na kitambaa cha kulalia. Halafu juu ya petroli iliyokuwa inadondoka nikawasha moto kila siku ya mungu, na kila siku vidole vya mtu mmoja viliubana. Nilimwita mwizi mbele ya mama yake, akanywa chai yake akaondoka.

Nilimpigia Herakaji pale pale, sikuweza kungoja. Nilimweleza yote. Nilidhani atacheka, au atanitukana.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Bado. Nimekwambia wewe."

"Usimwambie mtu."

"Nisimwambie vipi? Dil hakukata kitu! Ulisema ni kisu."

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Herakaji. Ile picha. Wewe pikipiki unazifungua na kuzifunga tangu utoto. Uliona ni kisu?"

"Niliona ni panya," alisema. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya viazi. "Kesari, tumia akili. Ukuta umeshajengwa. Mlango wa barabarani ni wetu. Nikirudi nafungua duka la vipuri pale pale. Nimemwomba Mama tugawane tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, anasema mpaka afe. Sasa Dil amegawa mwenyewe kwa mkono wake, hakuna aliyemlazimisha. Ukienda kumwambia ni panya, Mama ataubomoa kesho. Waya nitanunua. Panya watoe. Basi."

"Kwa hiyo tangu mwanzo?"

"Mwanzo upi? Mimi nilikwambia uwe na macho. Mengine uliona mwenyewe."

Na hapo alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya uongo wake wote. Alinijua. Alijua akiniachia kidogo tu, mimi nitamalizia. Nilidhani nimeachiwa pikipiki niilinde, na kumbe mimi ndiye niliyeachiwa nyumba niivunje.

Asoj 16

Tika, siku ya wakubwa kuwapaka wadogo baraka. Leo hata waliogombana hupanda juu, kwa sababu hakuna anayeukataa mkono wa mama siku hii. Mama alikaa mwisho wa mkeka na sahani ya poda nyekundu iliyochanganywa na mchele na mtindi, na shayiri changa ya njano kando yake. Dil na Nanimaya walikaa upande wa dirishani. Walinisalimu kama unavyomsalimu karani.

Wa kwanza kupewa ni mkubwa, na mkubwa yuko Korea, kwa hiyo ni simu ya video. Mama angechovya vidole na kuugusa uso wake kwenye kioo. Nilishika simu mimi. Herakaji alitokea amevaa fulana safi, nywele zimelowa, anatabasamu. "Mama! Mnanimiss?"

"Mama," nilisema, "kabla hujampa baraka, ana neno la kusema."

"Neno gani?" Bado anatabasamu.

Nikafunua sahani ya majani niliyokuwa nimeiweka magotini. Vile vipanya nilivihamishia stoo ya majani makavu kule uani. Kilichokuwepo ni kiota chenyewe.

"Hiki nimekitoa jana chini ya kiti cha pikipiki," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri lakini ilifika. "Panya. Kitambaa cha Mama, maua yangu, mchele wangu. Ndio waliokata waya, ndio waliotoboa mpira wa petroli. Dil hakuiba tone. Alitega bakuli na alizima taa yangu ili tusiungue humu ndani, na mimi nikamwita mwizi. Hilo ni langu. Dil, Nanimaya, nalibeba, na mkiniambia nisiwasalimie tena maisha yangu yote nitakubali. Lakini la pili si langu." Nikaigeuza simu ielekee dirishani. "Herakaji, mwambie mdogo wako ulijua lini kwamba ni panya. Na mwambie kwa nini ulisema ni kisu."

Herakaji hakujibu. Mdomo uko nusu wazi, macho yamekodoa mahali pamoja, hapepesi.

"Mtandao," Nanimaya alisema taratibu. "Umeganda."

Nami, Mungu anisamehe, nilitaka uwe umeganda. Tulikaa tunautazama uso ule uliosimama. Kisha nyuma yake, mwenzake mmoja wa chumbani akapita na kandambili, ameshika sufuria ya tambi inayotoa mvuke. Akaipuliza. Akatazama simu, akatazama tena, akaendelea na safari yake.

Dil akasogea kwenye mkeka mpaka karibu na goti langu, akaikodolea simu.

"Kaka," alisema, "mtandao umekushika wewe peke yako? Mbona mwenzako anapita?"

Herakaji akapepesa macho.

Mama alikuwa bado ameinua vidole vyake vyekundu mbele ya kioo. Alimtazama mwanawe mkubwa kwa muda, kama anayetafuta mahali palipo safi pa kugusa. Kisha akageuka, akampaka Dil kwenye paji la uso, akabandika vizuri kwa kidole gumba mpaka mchele ukashika. Halafu akachovya tena akanipaka mimi, kwa nguvu, iliniuma.

"Kata simu, Kesari," alisema. "Na mkishakula, mmoja wenu aniletee nyundo."

Nimekata.